Miezi saba na mkanda wa njano: je, mwalimu Mkorea anamchelewesha binti yangu?

"Mwalimu, shikamoo. Nina binti wa miaka kumi, tunaishi Mombasa. Ni mwaka na kidogo sasa anajifunza taekwondo kwa mwalimu Mkorea, siku mbili kwa wiki, saa moja kila siku. Miezi saba imepita yupo kwenye mkanda wa njano. Kila nikienda kumchukua nawakuta wanarusha teke lilelile huku mwalimu akihesabu kwa Kikorea. Hajawahi kusimamishwa na mwenzake wapambane hata siku moja. Mwalimu hutembea na kifimbo chembamba, huwagusa nacho magoti na nyayo. Wakichelewa wanapiga pushapu. Sasa karibu na kwetu imefunguliwa klabu nyingine, wanasema mtoto atavaa mkanda mweusi kwa mwaka mmoja. Mume wangu anasema tunaliwa pesa. Mama mkwe naye hapendi kule kuinama. Je, nimhamishe? Na mwalimu wa kweli anajulikanaje?"

Marahaba, mama. Umeuliza mambo mengi, lakini naona yote yanatoka kwenye hofu moja: umemkabidhi mtu mtoto wako na pesa yako, na humwelewi anachofanya. Hiyo ni hofu ya haki. Nitakwambia mapema nilipofika. Kuhusu teke lilelile, tulia. Kuhusu mwaka na kidogo bila kusimamishwa na mwenzake, hapo hata mimi nina swali kwa huyo mwalimu. Kuhusu kifimbo, inategemea kinafanya nini, na jibu la hapo halina njia ya katikati.

Tuanze na teke, maana hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa. Siku ukipata nafasi, mwombe binti yako akuonyeshe ap chagi, teke la mbele, polepole. Utaona goti linapanda kwanza hadi usawa wa kiuno. Kisha mguu unafunguka kutoka gotini. Vidole vya mguu vinakunjwa kurudi nyuma ili kinachogonga kiwe ile nyama ngumu iliyo chini ya vidole. Kisha mguu unarudi ulikotoka, goti bado liko juu, ndipo unashuka chini. Ni hatua nne ndani ya nukta moja. Mtoto asiyefundishwa huruka hatua ya kwanza na ya tatu: anatupa mguu kama anayepiga mpira, anagonga kwa ncha za vidole, halafu mguu unaanguka popote na yeye anaufuata. Akigonga kitu kigumu hivyo, kidole kinaweza kuvunjika. Asipogonga kitu, amepoteza mizani na mgongo wake uko wazi.

Dollyo chagi, lile teke la kuzungusha, lina hatari yake, na hapa nakuomba unisome kwa makini. Nguvu ya teke hilo inatoka kwenye nyonga inayogeuka. Nyonga ikigeuka, kiwiliwili kizima kinageuka, na mguu uliobaki chini lazima ugeuke pamoja nacho: kisigino kinazunguka mpaka karibu kielekee mbele. Unyayo ukibaki umeganda sakafuni huku mwili wote juu unazunguka, msokoto unatafuta pa kwenda, na unapopata ni gotini. Goti ni kiungo cha kukunja na kunyoosha, halikuumbwa kusokotwa. Kwa mtoto wa miaka kumi ambaye mifupa bado inarefuka, ncha za mifupa hiyo zina gegedu laini, na kile anachokizoea sasa ndicho atakachokifanya akiwa na miaka kumi na sita, ana kilo zaidi na kasi mara mbili. Mwalimu anayemgusa binti yako unyayo kwa ncha ya kifimbo kila teke analolirusha huenda anamlinda goti lake. Ukimwona anafanya hivyo tena, tazama kama baada ya kuguswa ule unyayo uligeuka.

Hilo ndilo ningetaka ulishike kuliko yote katika barua hii. Kurudia peke yake si ufundi. Nimeona kumbi ambako watoto hamsini wanarusha teke mia moja, mwalimu amekaa na simu, na kila teke linazidi kukaza kosa. Kurudia kunakofundisha ni kule kwenye masahihisho kati ya teke na teke. Kwa hiyo usihesabu mateke. Hesabu ni mara ngapi ndani ya saa moja mwalimu amesimama mbele ya mtoto wako, akamwonyesha jambo moja, akangoja alifanye. Kwa darasa la watoto ishirini, mara tatu au nne ni kazi nzuri. Saa nzima bila hata mara moja, mfululizo wa wiki kadhaa, basi mume wako ana hoja.

Sasa kule kutosimamishwa na mwenzake. Nilipoanza kufundisha, nilifanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Wazazi walitaka kuona mapambano, nami nikawapa. Niliwavisha watoto wa mkanda wa njano vile vizibao vya kifuani tunavyoviita hogu nikawaacha wapigane. Alikuwepo msichana mmoja mwepesi, mwenye macho makali. Teke la kwanza alilokula lilimpata bila yeye kuliona. Kuanzia siku ile alifumba macho na kugeuza mgongo kila mtu aliponyanyua mguu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kumrudishia macho yake, na kosa lilikuwa langu. Hofu nayo hufundishika kwa kurudia, kama teke.

Kwa hiyo kuchelewesha pambano huru kwa mtoto wa njano ni busara. Ila kati ya kurusha teke hewani na kupigana kuna njia ndefu, na taekwondo ina ngazi zake za kuipita. Kuna kupiga pedi ya mkononi anayoishika mwenzake, ili mtoto ajifunze umbali. Kuna sebeon gyeorugi, mashambulizi matatu yaliyopangwa ambapo mmoja anajua atakachorusha na mwingine anajua atakachozuia. Kuna hanbeon gyeorugi, shambulio moja na jibu moja. Hakuna anayeumia, lakini mtoto anazoea kuwa na mtu mbele yake. Mwaka na kidogo bila hata moja ya hizo ni muda mrefu kuliko ningependa. Muulize mwalimu kwa adabu: "Mwalimu, wataanza lini mazoezi ya wawili wawili?" Mwalimu aliyepanga somo lake atakupa jibu lenye wakati na sababu. Akikasirika kwa kuulizwa, umejifunza kitu kumhusu.

Tuje kwenye mkanda mweusi wa mwaka mmoja. Hapa nitakushangaza kidogo, kwa sababu haki ni haki: nchini Korea Kusini kwenyewe, watoto wengi hupata ngazi ya kwanza ya mkanda mweusi kwa kiasi cha mwaka mmoja au mmoja na nusu. Lakini tazama wanavyoishi. Magari madogo ya dojang, yaani ukumbi wa mazoezi, huwachukua watoto shuleni mchana, wanafanya mazoezi karibu saa nzima siku tano kwa wiki, kisha wanarudishwa nyumbani. Piga hesabu: siku tano kwa wiki hamsini ni saa 250 kwa mwaka. Binti yako kwa siku mbili anapata saa 100, na hapo sijatoa likizo, mvua na homa. Mwaka mmoja na nusu wa mtoto wa Seoul ni karibu miaka minne ya binti yako. Klabu inayoahidi mweusi kwa mwaka mmoja, kwa siku mbili kwa wiki, inaahidi saa 100. Waulize ni siku ngapi kwa wiki kabla ya kuwahukumu.

Jambo jingine ambalo matangazo huwa hayasemi: mtoto aliye chini ya miaka 15, kwa utaratibu wa Kukkiwon, hapewi dan, yaani ngazi ya mkanda mweusi ya watu wazima. Anapewa poom, ambayo ni ngazi ya watoto yenye mkanda wa rangi mbili, nyekundu na nyeusi, na hubadilishwa kuwa dan akifika umri. Kukkiwon ndiyo makao makuu ya taekwondo yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, na ndiyo inayoandikisha poom na dan. Mikanda ya rangi, kuanzia mweupe hadi mwekundu, hutolewa na mwalimu mwenyewe katika ukumbi wake. Na kila mtihani una ada. Mwambie mume wako alitazame hili kwa utulivu: mwalimu anayetaka kula pesa huharakisha mikanda, kwa kuwa kila mkanda ni ada. Huyu wenu aliyekaa miezi saba bila kumfanyia binti yako mtihani ameiacha pesa hiyo mezani.

Mwalimu wa kweli anajulikanaje? Si kwa kuwa Mkorea. Nawaheshimu sana Wakorea, wamenifundisha kazi ninayoifanya, lakini pasipoti haimfundishi mtu kumsomesha mtoto. Njia ya kawaida ya mwalimu wa Korea ni ndefu. Huanza akiwa mtoto kwenye dojang ya mtaani, akapata poom. Wengine huingia timu ya shule ya sekondari, wakaendelea chuo kikuu kinachofundisha taekwondo kama shahada, mfano Yong In au Kyung Hee. Wanaume hupitia jeshi kwa lazima. Kisha mtu huwa msaidizi, anafagia, anaendesha lile gari la watoto, anawapasha mwili wadogo, ndipo anaitwa sabeom. Neno hilo limeundwa kwa maneno mawili, mwalimu na mfano: mtu anayefundisha kwa kutazamwa. Kwa kanuni za Kukkiwon, kutoka dan ya 1 kwenda ya 2 ni mwaka mmoja, kwenda ya 3 ni miaka miwili tena, kwenda ya 4 mitatu tena. Kwa hiyo mwenye dan ya 4, ambayo ndiyo ngazi ya kusomea cheti cha ualimu cha Kukkiwon, amekaa angalau miaka sita baada ya mkanda mweusi. Cheti cha dan kina namba na kinaweza kuhakikiwa Kukkiwon kwa intaneti. Kuomba kukiona si utovu wa adabu. Wengi wetu tumekitundika ukutani kwa ajili hiyo.

Nikupe mfano wa mwalimu mmoja ambaye maisha yake yanaeleza mengi. Jhoon Rhee alizaliwa Korea mwaka 1932, akaenda Marekani katika miaka ya 1950, akasoma Texas huku akifundisha wenzake, na mwaka 1962 akafungua ukumbi wake Washington. Jina taekwondo halikuwa linajulikana, ikabidi kwenye ubao aandike karate. Mwaka 1965 mbunge mmoja aliporwa mjini humo, Rhee akajitolea kuwafundisha wabunge bure, na akaendelea kwa miongo kadhaa. Muhammad Ali alijifunza kwake namna ya kupeleka ngumi ya ghafla, na Rhee alikuwa kwenye kambi yake mwaka 1976. Lakini mimi ninayemkumbuka zaidi ni yule wa mambo mawili madogo. Aliona wanafunzi wanaumizana, akatengeneza vifaa laini vya kukinga kichwa, mikono na miguu, na vifaa vya aina hiyo vikaenea kumbi nyingi. Na alikataa kumpa mtoto mkanda mweusi kama alama zake za shule zilikuwa mbaya. Alifariki mwaka 2018. Ukimuuliza mwalimu wa binti yako habari za shule ya mtoto, naye akawa anajua yuko darasa la ngapi na anapenda somo gani, hiyo ni alama kubwa kuliko kombe lolote kwenye kabati lake.

Hapa Afrika tunao mfano mwingine. Mwaka 1968 mwalimu Mkorea Kim Young Tae alipeleka taekwondo Côte d'Ivoire. Mwaka 2016, Rio, Cheick Sallah Cissé alirusha teke la kichwa sekunde ya mwisho ya fainali, akaipa nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia yake, na Ruth Gbagbi akaleta shaba mashindano hayohayo. Kutoka mwaka ule hadi ule ni miaka 48. Kenya nasi tulimwona Faith Ogallo akituwakilisha katika Olimpiki ya Tokyo. Binti yako hayuko mahali pa ajabu.

Ile amri na nidhamu kali imetoka wapi? Watu husema taekwondo ina miaka elfu mbili na ndiyo maana hairuhusiwi kubadilika. Si kweli. Michezo ya mateke ilikuwepo Korea tangu zamani, lakini taekwondo tunayoifanya ilijengwa miaka ya 1940 na 1950. Walimu kadhaa waliofungua kumbi za kwanza Seoul, kama Lee Won Kuk, walikuwa wamejifunza karate Japani wakati Korea ikiwa koloni, na jina lenyewe lilipitishwa mwaka 1955 likisukumwa na jenerali wa jeshi, Choi Hong Hi. Jeshi lilikuwa na vijana wengi, mwalimu mmoja na uwanja mmoja, ndiyo maana kuna mistari, kuhesabu hana, dul, set, na sauti ya "charyeot!" ambayo ndiyo amri ileile ya askari kusimama wima. Ni njia nzuri ya kufundisha wengi kwa pamoja. Lakini iliundwa kwa vijana wa miaka ishirini, na mwalimu mwenye akili huichanganya na michezo na vicheko anapokuwa na watoto wa miaka kumi. Pushapu tano kwa kuchelewa, zinazofanywa na darasa zima kwa furaha, hazinisumbui. Pushapu hamsini kwa mtoto mmoja huku wenzake wanatazama ni udhalilishaji. Isitoshe, mtoto wa miaka kumi hajileti mazoezini, analetwa. Kama mmechelewa kwa foleni ya barabarani, deni ni lenu.

Kifimbo sasa. Kugusa unyayo ili ugeuke, kunyooshea goti ili lipande: sawa, ingawa mimi hutumia mkono wangu au maneno. Kuchapa, hata mara moja, hata "kidogo tu", hata wengine wakisema ndiyo utamaduni wa Kikorea: toa mtoto siku hiyohiyo. Wakorea wenyewe wamelipa gharama kubwa kwa jambo hili. Mwaka 2020 mwanariadha wao wa triathloni, Choi Suk-hyeon, alijiua baada ya kuteswa na watu wa timu yake, nchi ikatikisika na sheria ikabadilishwa. Asikuambie mtu kwamba kipigo ndicho kinachozaa mabingwa. Muulize binti yako akiwa peke yake na wewe, jioni, mkifanya kazi nyingine: kifimbo kinauma? Usimuulize mbele ya mwalimu. Na kama kuna mtu anayewagusa watoto kwa namna ya siri au kuwaomba wasiseme nyumbani, usibishane naye, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, na uende polisi.

Kwa mama mkwe, mfikishie salamu zangu. Kwa Wakorea kuinama ni namna ya kusema "shikamoo" na "asante". Muuza duka humwinamia mteja, wanafunzi huinamiana, na mwalimu huwainamia wanafunzi wake. Ndani ya ukumbi maana yake ni: sitakuumiza kwa makusudi. Lakini hukumu ya dini si yangu kuitoa, muulizeni shekhe mnayemwamini. Mkiona ni heri kuepuka, mwombeni mwalimu mtoto aweke mkono kifuani na kutikisa kichwa kidogo. Wanafunzi wangu kadhaa hufanya hivyo na hakuna kilichoharibika.

Nimhamishe au nisimhamishe? Kwa uliyoniandikia, ningembakiza kwa miezi mitatu zaidi, baada ya mazungumzo na mwalimu kuhusu mtihani ujao na mazoezi ya wawili wawili. Kubaki kuna gharama yake: mtoto anaweza kuchoka, na mtoto aliyechoka huacha. Kuhama nako kuna gharama: huenda akaanzia chini, huenda akajifunza teke la haraka lenye unyayo ulioganda. Kama klabu ile mpya ina mwalimu mwenye cheti, watoto wachache na siku nyingi kwa wiki, basi kaangalieni somo moja zima kabla ya kulipa. Anayekataa mzazi asikae kutazama, mwondoke.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Akilalamika maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti, penye ule uvimbe wa mfupa wa mbele, hilo huwapata watoto wanaokua na wanaoruka sana. Punguzeni kuruka na mateke kwa wiki mbili au tatu. Yakiendelea, akachechemea, goti likavimba au yakamwamsha usiku, mpeleke kwa daktari wa mifupa na si kwa mwalimu. Akigongwa kichwa kisha akatapika, akachanganyikiwa au kichwa kikamuuma zaidi kadiri saa zinavyopita, ni hospitali mara moja, na harudi mazoezini mpaka daktari aseme.

Jumamosi ukimpeleka, usikae mlangoni. Kaa ubavuni mwa ukumbi, pale unapoona miguu yao kwa upande. Mtazame binti yako peke yake kwa dakika kumi akirusha dollyo chagi, macho yako yakiwa kwenye kisigino cha mguu uliobaki chini. Kisha niandikie: kiligeuka mara ngapi, na kisipogeuka, mwalimu alifanya nini?